Anza na Sauti Mbili: Kufundisha Mdundo, Solfa na Sauti za Pamoja Katika Shule za Msingi za Dodoma

Vitabu vingi vya kufundishia muziki shuleni vina mpangilio mmoja. Mtoto anaanza na mdundo, anafuata solfa, na sauti za pamoja zinasubiri hadi awe mkubwa, kwa imani kwamba hizo ndizo ngumu kuliko vyote. Mpangilio huo unamfaa mtoto aliyekulia kwenye nyimbo za sauti moja. Mtoto wa Mvumi au wa Chamwino hakukulia hivyo. Amebebwa mgongoni kwenye ngoma, amesimama pembeni ya bibi zake wakipiga muheme, ngoma ya wanawake, na kabla hajajua kushika penseli ameshazoea kusikia wimbo mmoja ukiimbwa kwa sauti mbili au tatu kwa wakati mmoja, bila mtu kusimama mbele kugawa nani aimbe nini.

Uimbaji huu wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, umefuatiliwa na wasomi kwa muda mrefu. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, aliuchunguza tangu miaka ya 1960. Polo Vallejo wa Hispania alitoa mwaka 2004 kitabu kizima kuhusu muziki wa watoto wa Kigogo, *Mbudi mbudi na mhanga*. Naye Dk. Kedmon Mapana, Mgogo mwenyewe, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2013 juu ya namna mtoto wa Kigogo anavyolelewa kimuziki kijijini na namna malezi hayo yanavyokatika afikapo shuleni. Kazi yetu sisi walimu wa darasani ni kuhakikisha hayakatiki.

Nakuandikia wewe uliyepangiwa kipindi cha Sanaa na Michezo na hukusomea muziki. Huna kinanda, labda hata ngoma ya shule imepasuka ngozi. Kama unaweza kuimba wimbo mmoja bila kupotea, na unaweza kuhesabu mpaka sita, unacho cha kuanzia. Nakuandikia pia wewe wa Dodoma Jiji, mwenye Mgogo, Mrangi, Msandawe, Mhaya na mtoto wa mtumishi aliyehamia juzi kutoka Dar es Salaam katika darasa moja. Wale waliokulia kwingine watashika kwa kuwasikiliza wenzao, na mara nyingi watashika haraka kuliko unavyotarajia.

Mapigo yakae miguuni

Watoe nje. Darasa lililojaa, chini ya bati, likianza kupiga makofi hakuna anayemsikia mwenzake, na mwalimu wa darasa la jirani atakuja kulalamika kwa haki kabisa. Tafuta kivuli, wasimamishe katika duara, waambie wakanyage papo hapo: kulia, kushoto, kulia, kushoto, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Usiruhusu makofi bado. Mtoto akipiga makofi huku amesimama wima huwa anaongeza mwendo bila kujua. Akikanyaga, uzito wa mwili wake mwenyewe unamzuia kukimbia. Wasichoke kukanyaga. Tangu kipindi hiki mpaka mwisho wa mwaka, kila wimbo utaanza na miguu.

Miguu ikitulia, sema majina ya wilaya zao, nao wayarudie. Anza na Bahi, Kongwa, Chemba. Kila jina linaangukia mguuni kwa silabi ya kwanza: BA-hi, KO-ngwa, CHE-mba, mguu mmoja kwa jina moja. Kisha sema Dodoma, bila kueleza lolote, na uangalie nyuso zao. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mguu unataka kushuka kwenye «do» ya pili, na «do» ya kwanza inabidi iruke mbele ya mguu. Ni hivyo hivyo kwa Kondoa, Chamwino na Mpwapwa, ambayo ile «m» yake ni silabi kamili na inasikika kabla ya pigo. Wilaya zote saba za mkoa zinagawanyika katika makundi mawili: zinazoanza na mguu na zinazoanza kabla ya mguu. Waache watoto wazigawanye wenyewe. Usiwaambie jibu.

Natumia muda mrefu hapa, na ninakusihi nawe uutumie, kwa sababu nyimbo nyingi za Kiswahili zinazoharibika mdomoni mwa watoto wa shule zinaharibikia mahali hapa. Mtu anachukua wimbo uliotungwa kwa lugha nyingine, anaupachika maneno ya Kiswahili, na pigo kuu linaangukia silabi isiyo na mkazo. Watoto wanaimba «DO-doma» na hakuna anayejua kwa nini wimbo unachechemea. Mtoto aliyeshika tofauti ya Bahi na Dodoma miguuni hatakubali kosa hilo, na siku moja atatunga wimbo wake vizuri.

Ongeza «alizeti». Silabi nne, miguu miwili, silabi mbili kila mguu: A-li ZE-ti. Gawa duara nusu kwa nusu, upande mmoja useme Bahi, Bahi, upande wa pili alizeti, halafu wabadilishane bila miguu kusimama. Wakiweza hapo, chora ardhini kwa kijiti: mstari mmoja kwa kila mguu, nukta moja kwa kila silabi. Huo tayari ni mwandiko wa muziki, na mtoto wa darasa la tatu anausoma bila shida.

Kisha wape kitu cha nyumbani kwao kweli. Muziki wa Kanda ya Kati, kama ngoma nyingi za Afrika Mashariki, unapenda kuweka mbili na tatu pamoja: mguu unaenda mbili wakati mkono unaenda tatu. Kwa mwalimu asiyecheza ngoma hili linatisha, lakini kuna njia fupi. Hesabu sita polepole. Mkono wa kulia unapiga paja kwenye moja, tatu na tano. Mkono wa kushoto unapiga kwenye moja na nne. Ukisikiliza mikono yote miwili pamoja utasikia: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Sasa tia maneno «Twende Bahi». TWE ni mikono miwili pamoja, «nde» ni kulia, BA ni kushoto, «hi» ni kulia. Silabi ya kwanza na ya mwisho ni ndefu, mbili za katikati ni fupi. Mikazo ya maneno yenyewe inaangukia pale ambapo mkono wa kushoto unapiga, kwa hiyo mtoto akilitamka vizuri, mikono inajipanga. Mwanzo sema maneno peke yake, halafu na mikono, halafu acha maneno na ubaki na mikono. Wengine watashika siku hiyo hiyo, wengine wiki ijayo. Wale wanaopiga ngoma nyumbani wasimamishe wafundishe wenzao. Wataeleza kwa maneno machache kuliko yako.

So na mi zina kazi kubwa

Solfa ilitufikia kwa njia ndefu. Mtawa Guido wa Arezzo, Italia, katika karne ya 11, ndiye aliyezipa sauti majina ya silabi ili waimbaji wake wajifunze haraka. Katika karne ya 19 mwalimu Mwingereza Sarah Glover, na baada yake mchungaji John Curwen, wakatengeneza mwandiko wa herufi tupu, d r m f s l t, ambao hauhitaji mistari mitano wala karatasi maalumu. Wamisionari wakaubeba. Walipofika Mpwapwa na sehemu nyingine za bara kuanzia miaka ya 1870, vitabu vya nyimbo na kwaya vilifuata, na hadi leo mwalimu wa kwaya wa kanisani akikuandikia wimbo ubaoni atakuandikia kwa herufi hizo. Kama hujui kuzisoma, mtafute jioni moja akufundishe. Ni saa moja ya kazi.

Kanuni zake ni hizi. Mstari wima unatangulia pigo zito, nukta mbili zinatangulia pigo jepesi, nukta moja inagawa pigo katikati, na nafasi tupu ni kimya. Alama ndogo juu ya herufi, d', ni sauti ya juu.

Usianze na ngazi nzima ya do re mi fa so la ti do. Watoto wataikariri kama wanavyokariri alfabeti, na hawatasikia chochote. Anza na sauti mbili, so na mi, kwa wimbo mdogo unaoweza kuutunga mwenyewe asubuhi ukija shule. Huu nimeutunga kwa ajili hiyo, utumie upendavyo:

Kuku, kuku, toka,
mtama ni wa mama.

| s .s :m .m | s .m :   .s | s .s :m .m | s .m :   |

Tazama ile «m» ya mtama. Inaangukia nusu ya pili ya pigo la nne, kabla ya mguu, kama «do» ya kwanza ya Dodoma. Mtoto aliyecheza mchezo wa wilaya hataikosa. Ukiwafundisha wimbo kwanza kwa maneno na miguu, wakishauimba bila wewe, ndipo waambie: sasa tuuimbe kwa majina ya sauti. Sauti isikike kwanza, jina lifuate. Ukigeuza utaratibu huu utapata darasa linaloandika herufi na haliwezi kuimba.

Tumia mikono. Curwen aliambatanisha kila sauti na ishara ya mkono, na Zoltán Kodály wa Hungaria akazieneza katika shule za nchi yake katika karne ya 20. Do ni ngumi mbele ya kiuno. Mi ni kiganja kilicholala kikitazama chini, usawa wa kifua. So ni kiganja kilichosimama kikitazama uso wako, juu kidogo ya mi. Ukiwa na ishara tatu hizi unaweza kuliongoza darasa zima kwa kimya: unaonyesha so, wanaimba so, unashusha mi, wanashuka. Kwa darasa lenye watoto wengi hii ni bora kuliko chaki, kwa sababu wote wanakutazama na hakuna anayesubiri zamu.

Kuhusu kimo cha sauti: watoto wadogo hawana sauti nzito, na wakilazimishwa kushuka wananguruma. Kama una simu, tafuta programu ya kinanda ya bure, bonyeza G iliyo juu ya C ya katikati, na hiyo ndiyo iwe so yako. Mwalimu mwanamume ana tatizo la ziada, kwa kuwa anaimba chini kwa oktava nzima na watoto wanajaribu kumfuata huko huko. Mchague mtoto mmoja mwenye sauti thabiti, aimbe yeye baada yako, na wenzake wamfuate yeye.

So na mi zinaweza kukaa wiki kadhaa. Tunga nyimbo nyingine ndogo juu yake: za ubuyu, za zabibu za Hombolo, za foleni ya maji kisimani. Kisha ongeza do, na mwisho wa wimbo wa kuku ushuke: «ma-ma» iwe m .d badala ya s .m. Watoto watahisi wimbo umefika nyumbani.

Hapa naachana na vitabu. Baada ya so na mi, vingi vinaleta la. Mimi napendekeza upande kwenda d' na r', halafu ta, sauti nitakayoieleza hapa chini, na la isubiri. Sababu yake iko katika muziki wa Wagogo wenyewe.

Ngazi iliyo ndani ya uzi

Kubik alieleza kwamba ngazi ya Wagogo inafuata sauti za asili zinazotoka ndani ya sauti moja. Unaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila maneno mengi. Nenda duka la vifaa vya umeme, ununue takriban mita moja ya bomba laini la plastiki lenye mikunjo, lile mafundi wanalopitishia nyaya. Lazima liwe na mikunjo kwa ndani, kwani bomba lisilo na mikunjo halitoi sauti. Simama mbali na watoto, shika ncha moja na uzungushe nyingine hewani. Litaimba. Ukiongeza kasi, sauti haipandi kidogo kidogo, inaruka: do, so, do ya juu, mi. Hakuna kingine unachofanya. Ukiwa na izeze, zeze la Kigogo, gusa uzi kwa kidole bila kuukandamiza: nusu ya urefu wake utapata oktava, theluthi moja utapata so, robo utapata do ya juu zaidi, moja ya tano utapata mi. Waache wasikilize mara kadhaa.

Ukiendelea kupanda katika sauti hizo za asili, kuanzia ya nne hadi ya tisa, unapata d, m, s, ta, d', r'. Hiyo ndiyo ngazi ambayo masikio ya mtoto wa Kigogo yanaijua. Haina la. Ina ta, sauti iliyo kati ya la na ti, na ta hiyo iko chini kuliko ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Kwa hiyo nakuomba sana: watoto wakiimba ta ya chini, usiwarekebishe kwa kinanda. Nimesikia walimu wema kabisa, wenye kwaya nzuri, wakiita sauti hiyo kuteleza. Haikuteleza. Iko mahali pake, na marehemu Hukwe Zawose aliiimba na kuipiga kwenye ilimba yake, marimba ya vidole, mbele ya watu wa mabara mengi. Zawose alitoka katika vijiji vya Dodoma, akaitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere miaka ya 1960, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Albamu yake ya *Chibite* ya mwaka 1996 ni somo zima la sauti za pamoja. Wachezeshee kwa simu na spika ndogo, dakika tatu tu kila kipindi, huku wakikanyaga.

Sauti mbili, kwa kuruka moja

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Hatua ya kwanza inaanza mapema, siku ile ile wanapojua wimbo wa kuku. Kundi moja linaimba wimbo, la pili linakaa juu ya do, likisema «mama» kwa kila mguu. Hiyo tu. Utasikia so ikisimama juu ya do, mi ikisimama juu ya do, na duara zima litabadilika. Wengine watatabasamu. Wengine, wanaojua muheme, watakutazama kwa mshangao kwamba hata shule inajua haya.

Hatua ya pili ni kufukuzana. Kundi la pili linaanza «Kuku, kuku» wakati kundi la kwanza linafika «toka». Kwa kuwa wimbo una so, mi na do tu, hakuna mahali sauti zitakapogongana vibaya.

Hatua ya tatu ndiyo ya Kigogo kweli. Chora ngazi yako ubaoni kutoka chini kwenda juu: d, m, s, ta, d', r'. Kanuni ya sauti ya pili, kama Kubik alivyoieleza, ni kuruka sauti moja katika ngazi hiyo. Wa kwanza akiimba r', wa pili anaruka d' na kuimba ta. Wa kwanza akiwa d', wa pili yuko s. Ta inaambatana na m, na s inaambatana na d. Hakuna zaidi ya hapo. Umbali kati ya sauti hizo mbili unabadilika wenyewe, mara mpana, mara mwembamba, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoufanya uimbaji wa Wagogo usikike kama Wagogo na si kama kwaya iliyofundishwa kuimba kwa umbali ule ule daima.

Wape wimbo wa kuamia ndege, kazi ambayo watoto wengi wa Bahi na Chamwino wanaijua kwa jua lake. Huu nao nimeutunga:

Kiongozi: Uwele umeiva,
Wote: ndege wasije.

Sauti ya kwanza:
.r' | r' .r' :d' .d' | ta .s :   | s :s .s | d' :s |

Sauti ya pili:
.ta | ta .ta :s .s | m .d :   | d :d .d | s :d |

Mwanzo wimbo uimbwe na wote kwa sauti ya kwanza, kiongozi akiwa wewe, kisha mtoto. Tazama mwisho: «u» ya kiongozi inaingia nusu ya pili ya pigo la mwisho, wakati wote bado wako kwenye «je». Kiongozi hawasubiri wamalize, anawapokea wakiwa njiani. Nyimbo za kupokezana za hapa zinaendelea hivyo bila kukatika, na darasa likishika tabia hiyo hutahitaji tena kuhesabu «moja, mbili, tatu, nne» ili waanze.

Wakishaumiliki wimbo, chukua watoto watatu au wanne wenye masikio imara, wafundishe sauti ya pili kando, chini ya mti mwingine kama inawezekana. Warudi, wasimame katikati ya duara, si pembeni, na waimbe pamoja na wote. Usiligawe darasa nusu kwa nusu kwa siku ya kwanza, kwani nusu ya pili itavutwa na ya kwanza na mtaishia sauti moja yenye kelele. Baadaye mwambie yeyote anayejisikia kuhamia kundi la katikati ahamie. Utaona wanahama wenyewe, na wengine wataanza kuimba kitu ambacho hukuwafundisha: kuongeza sauti ya tatu, kushuka pale ulipopanda. Kabla hujamkatisha mtoto anayefanya hivyo, sikiliza kama sauti yake iko kwenye ngazi. Ikiwemo, mwachie. Nyumbani anaruhusiwa, na hata darasani ni sahihi.

Watu wa kijiji, na nyimbo zisizoingia darasani

Usiishie kwenye nyimbo zangu. Waambie watoto waulize nyumbani nyimbo za michezo, za kubembeleza watoto, za kutwanga, za kuvuna. Mwalike bibi mmoja anayepiga muheme aje kipindi kimoja. Msalimie kwa Cigogo, «mbukwenyi», mpe kiti kivulini, umwache afundishe kwa namna yake hata kama haina «hatua ya kwanza». Angalia anavyobana ngoma katikati ya mapaja na kuinama juu yake, na watoto wa kike wakaribie waone mikono. Ikiwezekana, wapeleke kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino kila mwaka. Siku moja pale inazidi vipindi vingi vya maelezo.

Lakini uliza kabla ya kuchukua. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe na mahali pake, na mtoto akikuletea wimbo wa aina hiyo mshukuru kimya kimya na usiupeleke ubaoni. Msunyunho, ngoma ya kuombea mvua, nayo ina heshima yake. Mzee akikwambia wimbo huu hauimbwi mchana shuleni, neno lake liishe hapo. Zilizobaki ni nyingi.

Na maneno ya Cigogo yana kupanda na kushuka kwake. Ukitaka kutunga wimbo kwa Cigogo na wewe si mwenyeji, mwimbie mtu mzima wa pale kabla ya kuwafundisha watoto, akwambie kama neno limebaki neno.

La, fa na ti, kisha sauti nne

Masikio yakishakuwa imara, leta sauti zilizobaki, na usitafute mbali: wimbo wa taifa wanauimba kila asubuhi mstarini. Tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyekuwa akitunga nyimbo kwa ajili ya wanafunzi wake na kuziandika kwa solfa. Waambie watoto habari hiyo. Mwalimu wa shule kama wa kwao, mwenye daftari la solfa, na wimbo wake sasa ni wa mataifa. Waimbe polepole kwa silabi za solfa, mstari mmoja kwa kipindi, wakitafuta fa ziko wapi na ti ziko wapi. Hapa ta ya Kigogo haiingii, hapa sauti zinafuata ngazi ya kinanda, na ni vizuri wajue kwamba wana ngazi mbili masikioni, kila moja na nyimbo zake. Mtoto anayezungumza Cigogo nyumbani na Kiswahili shuleni hashangazwi na hilo.

Kwa sauti nne za kwaya, ambazo utaombwa kuziandaa kila yakija mashindano, watoto wa shule ya msingi hawana besi wala teno za kweli. Usiwalazimishe wavulana wa darasa la sita kunguruma. Andika sauti mbili, labda tatu, zote zikiwa juu, na sauti ya chini kabisa iwe kazi ya ngoma.

Upimaji ufanye wakiwa watatu watatu. Waite watatu, wape wimbo wa uwele, wawili sauti ya kwanza na mmoja ya pili, halafu wabadilishane mpaka kila mmoja ameimba peke yake ile ya pili. Andika mambo matatu tu katika daftari lako: mguu ulibaki mahali pake au ulikimbia, «u» iliingia kabla ya pigo au juu yake, na sauti ya pili ilisimama au ilivutwa. Asiyeweza kusimama peke yake kwenye sauti ya pili mrudishe kwenye «mama» ya do kwa wiki mbili, huku akisimama jirani na mwenzake anayeiweza, kisha umpime tena.